Kabla ya kununua mashua iliyowahi kujaa maji

MASHUA kuukuu iliyowahi kuzama au kujaa maji huuzwa kwa bei ya chini, na ndiyo sababu wanunuzi wengi huimezea mate.

Katika fuo za Pwani, mvuvi asiye na uwezo wa kumwagiza fundi amjengee chombo kipya mara nyingi huanzia hapo. Vikundi vya vijana vinavyotaka kutembeza watalii au kuvusha abiria navyo hufuata njia iyo hiyo.

Hata hivyo, bei nafuu yaweza kuwa baraka au balaa. Akiba ya miaka kadhaa, au mkopo wa kikundi, hutumbukizwa katika mbao ambazo mnunuzi hajui zimeathirika kiasi gani. Na hasara yenyewe haiishii mfukoni. Chombo kinapoachana mbao katikati ya mkondo, kinachohesabiwa si shilingi tena bali ni roho za watu.

Swali ambalo wanunuzi wengi humuuliza muuzaji ni iwapo chombo kiliwahi kuingia maji. Swali hilo halina msaada mkubwa. Hakuna chombo cha mbao kisichoingia maji. Ndiyo maana kila mashua ina ngama, mahali maji yanapokusanyika, na kila nahodha ana upo wa kuyateka.

Yanayostahili kuulizwa ni mambo manne: yalikuwa maji gani, yalikaa sehemu gani, yalikaa kwa muda gani, na yaliingia kwa sababu gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha chombo kinachoweza kutengenezwa na kile kisichofaa hata kupewa bure.

MAJI YA MVUA NA MAJI YA CHUMVI

Watu wengi hudhani kwamba maji ya bahari ndiyo adui mkuu wa mbao. Kuhusu suala la kuoza, ukweli ni kinyume cha hayo.

Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu, hewa na joto ili kustawi. Mbao zenye unyevu usiozidi asilimia 20 ya uzito wake zikiwa kavu haziozi. Mbao zilizozama kabisa nazo haziozeshwi na kuvu hao, kwa kuwa hukosa hewa. Hatari iko katikati ya hali hizo mbili: mahali panapolowa, pakakauka nusu, kisha pakalowa tena huku hewa ikipita kwa shida.

Chumvi nayo huzuia kuvu kustawi. Katika karne ya 19, baadhi ya mafundi wa merikebu nchini Marekani walikuwa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ili mbao zisioze. Maji ya mvua hayana kinga hiyo.

Kwa hivyo, mashua iliyopinduliwa na dhoruba, ikavutwa ufuoni siku ya pili na kukaushwa vizuri, yaweza kuwa salama kuliko mashua ambayo haijawahi kupata ajali yoyote lakini ikaachwa ufuoni misimu miwili ya mvua bila kufunikwa. Ya kwanza ina sifa mbaya kijijini. Ya pili ina sifa nzuri, ilhali mbao zake zinaliwa kimyakimya kutoka ndani.

Aina ya mti pia ina uzito wake. Kiini cha mvule, mbambakofi au msaji hustahimili unyevu kwa miaka mingi. Mwembe, ambao hutumiwa kwa sababu hupatikana kwa urahisi, huoza upesi ukipata maji ya mvua. Ni muhimu mnunuzi kuuliza ni mbao gani zilizotumika, na si katika ubavu tu bali pia katika mkuku na mataruma.

KUTU NA WADUDU

Haya yote hayamaanishi kwamba maji ya chumvi hayana madhara. Yana madhara mawili makubwa.

La kwanza ni kutu. Mitepe ya kale ya pwani hii ilishonwa kwa kamba za nazi, wala haikuhitaji misumari ya kushikilia mbao zake. Mashua za leo zimeshikiliwa na misumari ya chuma, na msumari ukishapata kutu hufura na kuupasua ubao unaoushikilia. Baadaye mbao zinazouzunguka huwa nyeusi na laini, na msumari hubaki ukining'inia pasipo kushika chochote.

Misumari iliyopakwa zinki hudumu zaidi, lakini kwa muda ule tu zinki yenyewe inapodumu. Aidha, pale ambapo fundi amechanganya shaba na chuma mahali pamoja, maji ya chumvi hukila chuma kwa kasi zaidi.

Dhara la pili ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Ingawa hufanana na minyoo, viumbe hawa ni wa jamii moja na chaza na kome. Huingia katika ubao wakiwa wadogo mno, kupitia tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hukua ndani kwa ndani huku wakichimba njia. Ubao huonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umegeuka sega la nyuki.

Ni kwa sababu hii ambapo vyombo hupandishwa pwani mara kwa mara, tumbo likakaushwa, likababuliwa kwa moto wa makuti na kupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Desturi hiyo hulinda upande wa nje. Upande wa ndani haupakwi, kwa kuwa hautarajiwi kukaa chini ya bahari.

Hapo ndipo muda wa kuzama unapokuwa na maana. Chombo kilichokaa chini ya maji kwa siku mbili tatu huwa kimepoteza vitu vidogo tu. Kilichokaa kwa wiki au miezi, kikiwa kimelala kwenye tope la mikoko, huwa kimewafungulia wadudu mlango wa ndani. Muuzaji akisema kilizama "muda mfupi", mnunuzi hana budi kuuliza ni siku ngapi, na kuwauliza wavuvi wengine pia.

MAHALI PA KUTAZAMA

Ukaguzi mzuri hufanyika chombo kikiwa nchi kavu. Wakati unaofaa ni baada ya bamvua, ambapo chombo husukumwa juu kwa maji makuu na kubaki mchangani maji yanapotoka. Mnunuzi anayeonyeshwa chombo kikiwa kinaelea tu ananunua mbuzi ndani ya gunia.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: nyundo ndogo, kisu au bisibisi nyembamba, kurunzi na uzi mrefu.

Kwanza, uzi uvutwe kutoka omo hadi tezi sambamba na mkuku. Mkuku uliojipinda, ncha zikiwa zimeshuka na katikati pameinuka, ni dalili kwamba chombo kimechoka mifupa. Kasoro hiyo hairekebishwi kwa kalafati.

Pili, ubao ugongwe kwa nyundo, hatua baada ya hatua. Ubao mzima hutoa mlio mkavu. Ubao uliooza au kutobolewa hutoa sauti nzito, kama ya kupiga gunia la unga. Panaposhukiwa, bisibisi isukumwe kwa mkono. Ikizama bila taabu, hapo hapana ubao tena.

Tatu, sakafu ya ndani iondolewe. Muuzaji anayekataa sakafu isiondolewe amekwishajibu maswali mengi. Chini yake ndipo ilipo ngama, na ndipo palipo na uchafu, majani na mchanga unaohifadhi unyevu. Mahali mlingoti unapokaa juu ya mkuku pachunguzwe kwa makini, kwani uzito wote wa foromali na tanga hubebwa hapo, na maji ya mvua huteremka kwa mlingoti hadi papo hapo.

Sehemu nyingine za kushukiwa ni ubao wa kwanza unaoungana na mkuku kila upande, hanamu upande wa omo, fashini panapofungwa usukani, ncha za mataruma, na chini ya sitaha ndogo za omo na tezi ambako hewa haipiti.

Nne, misumari michache ing'olewe kwa idhini ya muuzaji, hasa katika sehemu iliyo chini ya mstari wa maji. Msumari uliobaki nusu ya unene wake wa awali ni ushahidi kuhusu wenzake wote waliopigiliwa siku moja.

Jambo la mwisho ni rangi. Rangi mpya kwa nje ni jambo la kawaida, na husaidia kuuza. Lakini rangi mpya ndani ya ngama, ambako hakuna anayetazama, yafaa kumtia mnunuzi wasiwasi. Saruji au lami iliyomiminwa kati ya mataruma ni ishara mbaya zaidi, kwa maana huficha uvujaji na kuufungia unyevu ndani ya mbao.

KUPIMA CHOMBO MAJINI

Chombo kikipita mtihani wa nchi kavu, kishushwe majini. Hapa wanunuzi wageni hukosea mara mbili, kila mara kwa namna tofauti.

Kosa la kwanza ni kukikataa chombo kwa sababu kimevuja siku ya kwanza. Mbao zilizokaa juani husinyaa na mianya ikafunguka. Zikirudi majini hufura na kuziba, na hilo huchukua siku moja au mbili. Katika muda huo ni lazima awepo mtu wa kuyateka maji.

Kosa la pili ni kukikubali kwa sababu hakikuvuja kikiwa kimetulia nangani. Chombo kilicholegea viungo hujificha kikiwa kimetulia. Hujidhihirisha kinapobeba tanga kwenye upepo, mbao zikivutana huku na huku, au kinapopakiwa mzigo na mbao za juu zilizokauka zikashuka majini.

Njia ya kuaminika ni kusubiri mbao zifure, kuyateka maji yote jioni, kisha kuyapima asubuhi kwa ndoo. Baada ya hapo chombo kisafirishwe kwa saa kadhaa kikiwa na tanga na mzigo, maji yapimwe tena.

Chombo kinachoingiza ndoo moja ya lita 20 kwa saa huonekana kama kinavuja kidogo tu. Kwa siku nzima, hata hivyo, hayo ni lita 480, karibu nusu tani. Usiku mmoja wa usingizi mzito, au nahodha mmoja kuugua, watosha kukizamisha.

Inafaa pia maji hayo yatazamwe yanaingilia wapi. Maji yanayopenya kati ya mbao mbili huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katika mwanya. Maji yanayopenya katika ubao wenyewe, au kuzunguka misumari mingi, hayazibwi kwa pamba. Kadiri fundi anavyoshindilia ndivyo mwanya unavyozidi kupanuka.

VYOMBO VYA FAIBA

Mbali na vyombo vya mbao, boti za matanga zilizotengenezwa kwa faiba pia huuzwa zikiwa zimetumika. Wengi huamini kwamba faiba haiwezi kudhuriwa na maji, imani ambayo si sahihi.

Maji hupenya polepole katika faiba na kusababisha malengelenge kwenye tumbo la boti. Malengelenge machache madogo si tatizo kubwa. Yakienea tumbo zima, gharama ya kukwangua, kukausha kwa miezi na kupaka upya yaweza kuzidi thamani ya boti yenyewe.

Tatizo linalofichika zaidi ni mbao zilizomo ndani ya faiba. Sitaha nyingi zina mbao nyepesi katikati ya matabaka mawili ya faiba, na ubao wa tezi unaobeba mashine mara nyingi ni mbao zilizofunikwa. Maji yakipenya kupitia tundu la skrubu, hayana njia ya kutoka. Sitaha inayobonyea mtu akiikanyaga, au tezi inayotikisika mashine inapoinuliwa, ni dalili kwamba ndani mmeoza.

Kwa boti zenye mkuku wa chuma au risasi uliofungwa kwa boliti, boliti hizo ndizo roho ya boti. Mistari ya kutu inayochuruzika pale mkuku unapoungana na tumbo haipaswi kupuuzwa.

Kuhusu mashine, iwe ya mbao au ya faiba, iliyozama katika maji ya chumvi na isisafishwe kwa maji baridi na mafuta siku iyo hiyo ihesabiwe kuwa haina thamani, hata ikiwashwa ikawaka. Nyaya za umeme zilizozama nazo zibadilishwe zote.

HESABU YA KWELI

Baada ya ukaguzi hufuata hesabu. Tuchukue mfano wa mashua ya mita 7 ambayo muuzaji anaitaka Sh120,000 kwa sababu iliwahi kuzama, huku nyingine ya umri huo huo isiyo na kasoro ikiuzwa Sh220,000. Kwa macho, mnunuzi ameokoa Sh100,000.

Fundi anakadiria mbao na mataruma ya kubadilishwa kuwa Sh30,000. Misumari, pamba na mafuta Sh12,000. Ujira wa siku 15 kwa Sh1,500 kwa siku ni Sh22,500. Rangi na shahamu Sh8,000. Jumla ni Sh72,500.

Chombo cha mbao kikifunguliwa aghalabu huonyesha ubovu zaidi ya ule uliotarajiwa, hivyo ni busara kuongeza thuluthi moja, yaani takriban Sh24,000. Gharama yote ya matengenezo inakuwa Sh96,500, na mashua iliyodaiwa kuwa rahisi imefikia Sh216,500. Nafuu iliyobaki ni Sh3,500, na bado hayajahesabiwa mapato ya siku zote ambazo chombo kilikuwa kwa fundi badala ya baharini.

Bei hizo ni za mfano tu, na hutofautiana kutoka ufuo hadi ufuo. Lakini utaratibu ni ule ule popote pale. Bei ya haki ya chombo kilichoharibiwa na maji ni bei ya kilicho kizima, ukiondoa matengenezo, ukiondoa akiba ya dharura, na ukiondoa mapato ya siku zitakazopotea. Muuzaji asipokubali kushuka hadi hapo, hakuna nafuu yoyote anayoitoa.

Gharama ya fundi wa kukagua isionekane kuwa mzigo. Kaunti ya Lamu ina vijiji kama vile Matondoni na Kizingitini ambavyo vina sifa ya muda mrefu ya ujenzi wa majahazi na mashua, na mafundi wako katika fuo nyingine pia. La muhimu ni kwamba fundi huyo asiwe jamaa wa muuzaji, wala asiwe ndiye aliyekitengeneza chombo baada ya ajali.

STAKABADHI

Chombo kilichokaa bila kutumika huwa na karatasi zilizopitwa na wakati. Sheria ya Usimamizi na Ustawi wa Uvuvi ya 2016 inataka vyombo vya uvuvi visajiliwe na kupewa leseni. Vyombo vya kubeba abiria navyo huhitaji kukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Ubaharia nchini, KMA.

Mnunuzi ahakikishe kwamba jina lililo kwenye usajili ni la anayeuza, na kwamba chombo hakina deni. Kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, huwajua wanachama wake na vyombo vyao, na ndiyo mahali pazuri pa kuuliza chombo kilizama lini, wapi na kwa nini.

Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, na historia ya ajali itajwe humo. Muuzaji mwaminifu hatakuwa na pingamizi.

UAMUZI

Mwishowe kuna njia tatu. Chombo ambacho chanzo cha maji kinajulikana na kimeondolewa, mkuku wake umenyooka, mataruma ni mazima na kasoro ziko katika mbao chache za ubavu, kinafaa kununuliwa. Chombo chenye mifupa mizima lakini misumari iliyokwisha chaweza kununuliwa, mradi bei ishuke kulingana na hesabu na mnunuzi awe na pesa za kumaliza kazi. Wengi huishiwa katikati, na chombo kikabaki kuozea ufuoni kwa mara ya pili.

Lakini chombo ambacho mkuku umepinda au umeoza, ambacho kimeliwa na wadudu ndani na nje, au ambacho hakuna anayejua maji yaliingilia wapi, kiachwe kwa bei yoyote ile. Huyo asiyejua maji yaliingilia wapi hawezi kudai kwamba ameyazuia, na yatarudi siku ambayo chombo kina watu.

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Mnunuzi ana nafasi ya kukitambua chombo cha aina hiyo kingali mchangani, pesa zake zikiwa bado mfukoni.